Kiapo Ulichokula Kwenye Lango la Matrah

Baba yangu mpenzi,

Khalfan amerudi. Mwanao aliyeondoka bila ruhusa ya serikali, ambaye tuliambiwa hataikanyaga tena nchi hii, sasa yuko barazani anazungumza na wageni. Milango ya nchi imefunguliwa, waliokuwa nje wanarejea kila siku. Amekuta umezikwa wiki tano tu. Nnakuandikia kwa sababu lipo jambo ambalo mimi na wewe hatukulimaliza.

Unaikumbuka barua yake ya mwaka ule wa vita vya Waarabu na Mayahudi? Tulikuwa na miaka mitatu tangu kuhama Unguja, bado tunajifunza kuishi Matrah. Aliandika kwamba huko Uingereza kuna tuzo ya insha kwa wanazuoni wachanga wanaosoma habari za Mayahudi. Akiipata, chuo kitampa kazi ya kufundisha. Akiikosa, posho yake inakwisha, na huku hawezi kurudi. Insha yake ilihusu Mayahudi waliowahi kuishi Sohar, na alipungukiwa kitu kimoja: maandishi ya makaburi yao.

Nlidhani utaichana barua ile. Nani wakati ule angetaka hata kulitaja jina la Mayahudi? Wewe ulivua miwani, ukaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Shangazi yako anaumwa Sohar, na lazima twende tukamuangalie," ulisema. "Tutapita makaburini mchana, watu wakituona. Na tukiulizwa, tutasema kweli."

Ulinishikia mwavuli huku nnanakili kwa penseli herufi nisizozijua. "Anzia upande wa kulia, kama herufi zetu," uliniambia. Nlipotaka kuruka jiwe lililopasuka, ulinikataza. "Huyo naye alikuwa mtu. Muandike."

Sasa sikiliza nisilokwambia. Asubuhi ya kuondoka Sohar, wewe ukiwa msikitini, nlizinakili karatasi zote mara ya pili. Nlizikunja nikazishonea ndani ya pindo la kanzu yangu. Nlijua ungekataa kuficha, nami nlimuogopea Khalfan.

Kwenye lango la Matrah askari walipekua mizigo. Mkubwa wao aliitoa bahasha mkobani mwako, akazigeuza karatasi juu chini.

"Mo hadha? Maandishi gani haya?"

Nlikunong'oneza, "Sema ni hirizi, Baba." Hukunitazama.

"Ni majina ya Mayahudi waliozikwa Sohar," ulimjibu kwa Kiarabu. "Mwanangu anaandika habari zao."

Yule mkubwa alikusogelea. "Ipo nakala nyingine?"

"Wallahi, hakuna."

Nlikuwa hatua moja nyuma yako. Pindo la kanzu lilikuwa linanigusa vifundo vya miguu, na ulimi wangu haukuinuka. Walikuchukua mbele ya macho yangu.

Siku tatu ulikaa ndani. Siku ya pili, jirani yetu Banyani muuza vitambaa alikuwa anasafiri kwenda Bombay. Nlilifumua pindo, nikampa zile karatasi amtumie Khalfan kutoka huko. Kama angekamatwa, Baba, usingetoka. Nlilijua hilo wakati nnampa.

Ulirudi umekonda, ukauliza kama nimekula. Miezi ikapita, habari ikaja kwamba Khalfan ameshinda. Ulisujudu sijida ya shukurani palepale ukumbini. Ulidhani ameyapata maandishi kwenye vitabu vya zamani, nami nlikuacha udhani hivyo.

Kisha insha ikaja, imepigwa chapa. Uliifungua ukakuta picha za herufi kama zilivyoandikwa kwa penseli. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu.

"Huu mkono wako, Zuwena."

Sikuweza kukana. Ulivaa kilemba chako, ukachukua bakora, ukenda hadi mlangoni. Nlijua unakwenda kwa yule mkubwa wa askari kuirekebisha kauli yako. Nlikushika miguu. Ulisimama pale, mkono juu ya komeo.

"Nkisema kweli, watakuchukua wewe," ulisema. "Nkinyamaza, muongo ni mimi."

Ulivua kilemba. Kwa maisha yako yote sikukuona ukifanya jambo kwa uzito kama ule.

Ulifunga siku tatu kafara ya kiapo, katika joto lile, bila ya kusema nami. Magharibi ya siku ya tatu uliniita kwenye mkeka, ukanisogezea sahani ya tende. "Usinifanyie tena," ulisema. Kisha, "Nisomee majina." Nlikusomea kama Khalfan alivyoyafasiri, moja moja. Ulisikiliza mpaka la mwisho ndipo ukafungua.

Tangu siku hiyo ulikataa kusimama shahidi katika ndoa na mirathi. Watu walisema ni uzee. Nlijua ni kile kiapo, nikanyamaza tena.

Sasa Khalfan anasifiwa na kila anayeingia. Anasema ni bahati, maandishi yalimfikia wakati wake. Hajui kwamba ulilala ndani, wala kwamba ulikufa ukijiita muongo. Nlitaka nimuache kwanza, msiba bado mbichi. Lakini nikinyamaza na leo, nitakuwa nimekuapisha uongo upya.

Wageni wanaaga. Nnakwenda kukaa naye, nimwambie yote, hata la pindo. Niwie radhi, Baba. Mungu akulaze pema.

Binti yako,
Zuwena