Gramu za Olaanaa Dhugaasaa

Mwaka 2015 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, majira ya mvua kubwa yalipokuwa yakianza, ulituacha, ewe Olaanaa Dhugaasaa. Leo mwaka umetimia, na nyumba yako hapa Horroo haijauzoea ukimya.

Tunaukumbuka wema wako. Hakuna jirani aliyejifungua akakosa mayai kutoka kwako. Tunaikumbuka penseli iliyokaa sikioni mwako hata kanisani, na jinsi ulivyowapima kuku alfajiri, kabla hawajala, ukiwaomba radhi mmoja mmoja.

Kwa vizazi vinne vya kuku, uliwafuga kuku wetu wa kienyeji katika mabanda mawili. Katika banda la kwanza, waliowazidi wenzao kwa uzito wakiwa na wiki kumi na sita ndio pekee walioachwa wazae. Katika la pili hukuchagua. Chakula kilikuwa kile kile, kwa kipimo kile kile. Mama yako alipokuuliza faida ya kuwafuga hao wa pili, ulicheka.

"Hao ndio watakaoniambia ukweli, Mama. Mwaka huu mvua njema, mwakani ukame. Nikiwalinganisha kuku wa leo na wa mwaka jana, nitakuwa nimepima mvua, si damu."

Alielewa vyema. Hata hivyo, kila asubuhi aliona haya kunywa kahawa huku kuku wadogo wale wa banda la pili wakimkodolea macho. Kwetu, kiumbe kilichosimama mlangoni hakinyimwi masalio ya shayiri ya kukaanga tunayoitafuna na kahawa. Ulipokwenda shambani, aliwamwagia. Kwanza kiganja, kisha, kufikia kizazi cha nne, bakuli.

Katika kizazi cha tatu, kuku wako wa kuchaguliwa walikuwa wamewazidi wenzao kwa gramu mia na ishirini. Katika cha nne, waliwazidi kwa ishirini tu. Ulipima mara tatu. Mzee Hirphaa, mwenyekiti wa wafugaji, akakutania mbele ya watu: "Ee fundi wa kuku! Miaka minne yote kwa gramu ishirini? Jogoo wangu akinyeshewa tu anazidi hapo!"

Jioni ulimuuliza mama yako, "Mama, kuna mtu amewalisha wale wa banda la pili?"

"Nani awalishe? Kwani watu wenyewe wameshiba?"

Ukamwamini, kwa kuwa ndiye aliyekuchapa utotoni kila uliposema uongo. Ukawaandikia wafugaji kwamba uchaguzi wako haukuzaa kitu, nao wakaacha kuchukua majogoo wako. Wiki sita baadaye homa ilikuchukua, ukiamini kwamba umeipoteza miaka yako na matumaini ya wenzako.

Baada ya matanga, mama yako alimwungamia Ebbisee, mkeo. Ebbisee aliwahesabu kuku wa mabanda yote mawili. Siku ya tatu akasema, "Basi, mama mkwe, kuku hawauzwi. Tutaanza kupima upya. Na kahawa yako utainywea ndani kwangu, mlango umefungwa."

Wakaangua vifaranga wa makundi yote mawili katika wiki moja, wakawalisha kwa kipimo kimoja, hadi wiki ya kumi na sita.

Wanaokukumbuka ni mkeo Ebbisee. Wanao Lalistu na Milkii. Dada yako Jaalannee. Na mama yako, Dinqituu Margaa, ambaye Jumamosi iliyopita aliwaita wafugaji wote uani, akawapima kuku mbele ya macho yao, kisha akasimama bila kuinamisha kichwa.

"Tofauti ni gramu mia na sabini," alisema. "Hizo ni kazi ya Olaanaa. Zilizokosekana mwaka jana nilizipoteza mimi, kwa shayiri yangu. Aliponiuliza, nilimdanganya. Nanyi mkamcheka kwa kosa langu."

Mzee Hirphaa hakutania. Alivua kofia, akaomba majogoo wawili wa mbegu, na kila aliyekuwapo akaomba baada yake. Mama yako aliwagawa kwa mkono wake, na kwa kila jogoo alilitaja jina lako.

Hutatutoka moyoni kamwe.