Migomba ya Bondeni

Jumatatu, 5 Aprili 1954
Leo homgadi, walinzi wa kijiji wa serikali, wamekata migomba ya mama. Yote. Mkuu wao, Ndambiri, anasema watu wa msituni hujificha humo. Migomba sita nyuma ya jiko – hata paka angeonekana! Hapa Kibugu baridi humfanya mtu angojee mkungu karibu miaka miwili. Mama alikuwa akiifunika kwa magunia. Mimi nilisimama pale nikitafsiri amri ya Bwana Shauri, afisa Mzungu wa hapa. Sikuongeza neno langu. Machipukizi Ndambiri amejichukulia.

Jumamosi, 10 Aprili
Ndambiri amekuja ofisini. Anataka shamba la migomba la kumwonyesha Bwana Shauri.
“Karani, nipande wapi? Ama shule ilikufundisha kupiga taipu tu?”
Homgadi wakacheka. Yeye ametoka chini, Mbeere, kwenye joto. Kwao migomba hukaa mtoni. Hajui kwamba huku baridi hushuka usiku ikalala bondeni mpaka jua lipande, ikaunguza migomba.
Nikamwambia: bondeni, mzee, kando ya mto, kama kwenu.
Akanipigapiga begani. Kwa mkono ule ule ulioshika panga.
Jioni nimekula vizuri.

Ijumaa, 16 Julai
Ukungu wiki nzima. Nimepita bondeni makusudi. Majani ni meusi, yananing'inia kama matambara. Nimesimama nikayatazama muda mrefu kuliko ilivyo salama. Ndambiri aone uchungu. Aone zaidi.

Jumatatu, 19 Julai
Ndambiri hanishuku hata kidogo. Afadhali angenishuku.
Anasema machipukizi yalilaaniwa. “Mama yako ana ulimi mbaya, karani. Tulipokata alinung'unika, nilimsikia.” Amemleta kambini asubuhi, amemkalisha kwenye nyasi zenye umande. Bwana Shauri akifika atamhoji, na mkalimani ni mimi. Mwanamke wa kijiji cha Manyatta aliyeshtakiwa kulaani alipelekwa kizuizini. Hajarudi.
Nimempelekea maji. Mama ameninong'oneza, anashangaa: nani alimwambia yule mtu apande bondeni? Hata mtoto wa huku anajua. Atamweleza Bwana Shauri hivyo hivyo.
Nimemsihi asitaje bonde. Ndambiri anaelewa Kiembu, atasikia hata nisipotafsiri.
Amenitazama usoni.
“Ni wewe, Misheck.”
Akanywa maji yote, akanirudishia kikombe.
“Basi nitasema niliilaani. Na nitalaani tena mbele ya Bwana Shauri, asikie. Wewe tafsiri vizuri, usiniharibie.”
Landrova ya Bwana Shauri imeingia langoni. Ndambiri ananiita. Bado sijui mdomo wangu utatoa maneno ya nani, ya mama au yangu –