Siku ya Vyungu Tunduma

Tunduma, Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na mpunga mmeshavuna wote, au ndege wamewahi tena? Sisi wazima, ila baridi ya huku, mama! Neema analala na soksi za baba yake.

Mama, usimtume kaka kuja kunichukua! Najua barua iliyopita nililia, nikasema sina mtu huku, wanawake wananipita tu kisimani. Sasa soma haya.

Jumamosi ilikuwa Siku ya Vyungu. Kila mwaka wakishavuna, kila mwanamke anapika chake, wanakula pamoja uwanjani. Nikapika ule mchele wako na samaki wakavu. Kufika, nikafunua chungu, nikala tonge la kwanza mimi mwenyewe, kama ulivyonifundisha, ili wageni wasiogope sumu. Mama, wote wakanigeukia! Mmoja akasema, "Kumbe mchoyo!" Machozi yakanilenga.

Jirani yetu Bibi Nambeye akanishika mkono. Akanieleza kwamba mwaka ule walipohamishiwa hapa kukaa pamoja, mavuno yalikuwa haba, watu wakawa wanafunga milango ndipo wanakula. Huyu ana maharage hana unga, yule ana ulezi hana mboga. Bibi mwenyewe akatoa chungu chake nje, akasema, "Changu sikigusi mpaka jirani ale." Wakatoka mmoja mmoja na vyao. Tangu hapo, siku hiyo mpishi hali cha kwake.

"Basi nimekosa, bibi."

"Umekosa. Faini yako, onja vyungu vyote."

"Vyote?"

"Kwani tumbo huna?"

Vilikuwa kumi na vinane! Ugali wa ulezi, maharage, maboga, na kikande, laini kama nyama, cha mama mmoja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikamwuliza ng'ombe kachinjwa lini, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ni mizizi ya porini na karanga! Kila chungu mwenyewe ananiuliza, "Wewe mke wa nani? Mtoto wako yupi?" Nafika cha mwisho, wote wananiita Mama Neema.

Kurudi kwenye chungu changu, sikukuta hata punje. Yule aliyeniita mchoyo ndiye anakwangua ukoko. Hakuinua hata kichwa: "Mama Neema, mwakani lete chungu kikubwa. Hiki umetutania."

Mwakani, mama! Umesikia?

Msalimie baba, na shangazi mwenye duka, na unibusie mapacha wa dada mkubwa. Mchele mwingine ukipatikana, nitumie, wa kuwatosha majirani.

Ni mimi mwanao, nimeshiba,
Mama Neema