Meli Niliyoiunga kwa Nta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Shelui bado napasua mawe, mgongo unauma. Mama yako mwambie namwombea apone.

Unasema gundi imekauka ndani ya boksi la ile meli ndogo ya mfano, ya matanga, unayomuungia mama yako, unauliza utumie nini. Usitumie nta ya nyuki. Mimi niliitumia kuunga meli kama hiyo kule Rungwa, kaka yangu Yohana akiwa hoi kitandani. Siku nne niliinamia meza, nimempa mgongo. Nikaiweka meli dirishani aione. Jua likayeyusha nta, milingoti ikaanguka.

Akacheka. "Mdogo wangu, umezamisha meli pasipo maji! Njoo ukae hapa."

Nikamjibu, "Subiri niirekebishe kwanza."

Nilipogeuka alikuwa ameshakata roho.

Gundi nunua dukani. Meza igeuze, umtazame mama yako.

Babu yako