Msinioshe Mkono Huu

Durban

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu na kwamba unakula, si kuonjaonja jikoni kisha ukasema umeshiba. Mimi mzima, ila shingo inauma nikigeuka. Usianze kulia, soma kwanza.

Uliniuliza kama nitarudi Tanga kuchukua nafasi ya unesi uliyonitafutia. Jibu limecheleweshwa na mshenzi mmoja.

Ninaishi chumba kimoja na Mama Nadine, msusi wa Kikongo. Jumamosi moja, mchana kweupe, jamaa wa jengo la pili alimvizia kwenye ngazi akitaka pochi. Mama Nadine si mtu wa kunyang'anywa kirahisi. Alimparua shingo mpaka ngozi ikabaki kwenye kucha. Yule akamchana uso kwa kisu, kutoka jichoni hadi kidevuni, akamsukuma akabingirika mpaka chini. Nilipofika kutoka chuoni ngazi zilikuwa zinateleza kwa damu.

Wakongo wenzake wa saluni walikwisha kumvua nguo na kuleta beseni la maji moto na chumvi.

"Damu ya ule mubaya haiwezi kulala ku mwili yake," mmoja akaniambia. "Tumusafishe mbio, makucha tukate, kisha tumupeleke ku hopitali."

Ndivyo wanavyofanya, na hata kwetu tungefanya hivyo hivyo. Nikashika sabuni nikasaidia. Kucha zikatupwa chooni, nguo zikachomwa.

Polisi alipokuja alishika kichwa. "Eish, sisi!" akasema, ndivyo wanavyoita dada huku, kisha akanieleza kwa Kiingereza kwamba tumeosha ushahidi wote. Jamaa alipokamatwa akadai alikuwa kazini Pinetown, mji wa jirani, rafiki zake wakamwapia, akaachiwa. Akawa anapita mbele ya saluni akicheka na kumwita Mama Nadine kwerekwere, tusi lao kwa sisi wageni. Mama, nilitamani kumuua.

Nikamwendea mwalimu wetu wa baiolojia. Akasema ile ngozi ya kwenye kucha ingetosha kumfunga. Tena akanieleza kwamba wanaosoma somo letu hawaishii kwenye unesi na famasia tu. Wapo wanaopima maji ya mji, na wapo walioko maabara za polisi, kutwa na damu za watu. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira.

Halafu yule jamaa akanijia mimi. Kwenye ngazi zile zile alinikaba koo kwa mikono miwili, akawa ananigonga kichwa ukutani. Nikamchimba mkono kwa kucha zote, nikavuta. Macho yalikwisha kuingia giza Mama Nadine alipotokea na kumshushia sufuria ya ugali mgongoni, ugali ukiwa bado unatokota. Alikimbia akilia kama mbuzi.

Wale mama wakaja mbio na beseni.

"Msiniguse!"

"Rehema, damu iko mingi, leta mukono!"

Nikauvika mkono mfuko wa mkate, nikaufunga kwa uzi wa kusukia, nikaenda kituoni. Adhuhuri ikanipita bila kutawadha, Mungu anisamehe.

Kesi ilichukua miezi. Maabara ilithibitisha kuwa ngozi ni yake, na hakimu amemfunga. Lakini amefungwa kwa shingo yangu tu. Kwa uso wa Mama Nadine hajalala ndani hata usiku mmoja, na kila siku huyu dada anajitazama kwenye kioo cha saluni.

Kwa hiyo nafasi ya unesi mpe binti wa mjomba. Nikimaliza hapa naomba kazi ya maabara. Najua utasema mtoto wa kike hashindi na damu za wauaji. Sema, Mama, ila nimeshaamua.

Nisalimie babu, kaka mkubwa na mkewe, na jirani yetu muuza vitumbua. Shangazi naye mpe pole, habari zake nimezisikia. Mumewe akimpiga tena, msimpashie maji. Asioge, asibadili nguo. Mpelekeni kituoni na damu yake hivyo hivyo.

Mwanao,
Rehema