Binti Aliyewauliza Nzi, "Wewe wa Nani?"

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu ulipotuacha. Asubuhi mama yako bado anatoa vikombe vitatu. Hakuna anayemkosoa. Chai ya tatu inapoa, anaimwaga, tunaendelea na siku.

Ulikuwa mpole kwa watu na msumbufu kwa matunda. Hukula pera kabla ya kulipasua na kuchungulia ndani. Wajomba zako walikuita Daktari wa Nzi, wakakuuliza kama siku hizi nzi nao wana bima ya matibabu. Ulicheka nao, kisha ukawaomba wakutegee mitego mashambani kwao.

Mimi niliyesoma shule ya jioni baada ya kazi, nilipenda ukinieleza. Ulisema nzi hawa wa matunda ni wageni wavamizi, na kila mmoja ana alama za vinasaba alizorithi kwa wazazi wake. Ukizilinganisha, unajua nani katoka wapi. Nikakwambia, basi unafanya kama wazee wakimkuta mtoto njiani: "Wewe wa nani?" Ulilipenda swali hilo, ukaenda nalo maabara.

Wakati ule wenye mashamba walikuwa wamemkalia kooni jirani yetu, Shangazi Mapera. Walisema miche aliyoagiza mbali ndiyo iliyoleta nzi, wakataka mipera yake yote ikatwe na kuchomwa. Uliwasihi wangoje. "Nzi haoni haya kutaja ukoo wake," uliwaambia. "Nipeni muda nimuulize."

Walikupa muda. Ugonjwa haukukupa.

Baada ya mazishi nilikwenda maabara kuchukua koti lako na kandambili zako. Mlinzi mgeni akanizuia getini.

"Mzee, wewe wa nani?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo tangu utotoni.

"Wa Daktari wa Nzi."

Akafungua geti.

Ndani nikamkuta kijana uliyemfundisha kazi. Alikuwa ameimaliza ile yako. Akanieleza taratibu kwamba nzi wa shangazi wana alama chache, na zote zimo kwa nzi wa soko la jumla, ambao wana nyingine nyingi zaidi. Wale wa sokoni waliingia na makreti ya matunda. Hawa wa shangazi ni uzao wa wachache waliotoka huko, wakabeba sehemu tu ya alama za ukoo. "Mjukuu hamzai babu, mzee," akasema. Nikaitikia kwa kichwa, nikakunja koti.

Mipera imesimama. Shangazi hutuletea mapera, akayaweka mezani. Mama yako huyapasua kwanza na kuchungulia. Kisha tunakula.

Tunaokukumbuka ni baba yako, mama yako, kaka zako wawili na wake zao, wajomba, Shangazi Mapera, na wenzako wa maabara ambao, naambiwa, bado wanamuuliza kila nzi swali letu.

Nasi tukiulizwa ni wa nani, daima tutakutaja wewe.