Kilima Ulichonileta Nacho Nyumbani

Mume wangu mpenzi,

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu uende Kigoma kwa kazi, na bado naweka sahani mbili mezani. Majirani hapa Gihosha wananicheka. Waache wacheke. Wangekuwa na mume kama wewe, wangeweka tatu.

Nakumbuka siku Nyogokuru, bibi yangu aliyenilea, alipokukatalia. "Kijana ni muzuri," alisema, "lakini mutu hawezi kuoa binti yetu bila kufika kwetu." Kwetu ni kule mlimani tulikotoka tukikimbia vita, na barabara ya kupanda huko ilikuwa imefungwa. Mimi nililia. Wewe ukamwambia, "Basi Nyogokuru, nitakileta kilima hapa." Nilidhani huzuni imekuchanganya.

Wakati ule ulikuwa unachapa barua za watu kwenye sekretariati, duka la kuchapa la mjini, na mwenye duka alikuachia kompyuta saa za mapumziko ya mchana. Ulinionyesha kwenye kioo chake uwanja mtupu wa mistari, kama chandarua kilichotandazwa chini. Ukashika fundo moja, ukalivuta, na mlima ukainuka mbele ya macho yangu. Hapo nilikupenda mara ya pili. Nilishika shuka jeupe la Nyogokuru nyuma ya mgomba wa jirani ili upige picha za majani na gome, ukaja kuivalisha miti yako ya kwenye kompyuta. Mgomba wa kwanza ulikula siku nne. Kisha ukaunakili mpaka ukawa shamba, na kila mmoja ukaugeuza kidogo ili usifanane na mwenzake.

Tukamleta Nyogokuru. Akatazama, akatazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hii ni Bwiza yenye migomba."

Wewe mtoto wa mjini ulikuwa umepanga nyumba kama mtaa wa Bwiza hapa mjini, mstari mmoja, mlango kwa mlango, na barabara katikati. Hukujua kwamba kwetu kila nyumba inakaa peke yake ndani ya uzio wake, migomba nyuma, na jirani unamwita kwa sauti.

"Mi sijawahi kufika, Nyogokuru," ulimjibu. "Nifundishe."

Mpenzi wangu, wanaume wangapi wangesema hivyo? Ulibomoa mtaa mzima. Yeye akakaa pembeni yako, akikuelekeza kwa fimbo: apana, mlango uangalie bondeni, apana, mparachichi uko kulia, jua la asubuhi linagonga hapa kwanza. Ukalisogeza jua. Nilikuwa nyuma yenu, nikajiambia, huyu ndiye.

Siku uliyomaliza, Nyogokuru alikaribia kioo taratibu. Hakucheka. Aliuangalia ule mlango wa uzio muda mrefu, akageuka kwako, akasema kwa Kirundi neno moja analomwambia mgeni aliyefika mlangoni: "Injira." Ingia. Ukavua kofia. Mwezi uliofuata nilikuwa mke wako.

Sasa ile picha uliyoichapa iko ukutani mwetu. Wageni wanauliza nani alipanda huko kuipiga, nami najibu kwa kidevu juu, "Hakupanda mutu. Ni mume wangu kaitengeneza." Mama mmoja mkimbizi wa hapa jirani amerudi mara mbili kuuliza utarudi lini, maana na yeye ana kilima chake.

Lakini sikukuandikia kwa hayo. Jumapili Nyogokuru alikuja, akakaa mbele ya picha kama kawaida yake. Unajua kwetu binti haachiwi ardhi, akiolewa, ameondoka. Akaweka kidole chini ya mparachichi, pale palipo wazi.

"Mwambie mume wako aweke nyumba hapa. Ya kwenu."

Nikamshika mkono, mpenzi. Akanitazama, akaongeza, "Moja tu, na uzio wake. Asiniletee tena mtaa."

Rudi uijenge. Nitashika shuka.

Mke wako, mwenye kilima